Siku Tano Nilizozificha

Barabara ya Kumi na Nne,
Ngamiani, Tanga.
18 Januari 2025

Mpendwa Mama Tuhfa,

Assalaamu alaykum, na shikamoo nyingi za kutosha wiki zote sita ambazo sijakuamkia uso kwa uso. Ninatumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kifua kimeachia sasa kwa kuwa umerudi kwenye hewa ya kwenu Pemba. Mimi ni mzima. Bibi naye hajambo, ila mtoto wa jicho anazidi kumtanda. Juzi alimsalimia mbuzi wa Mzee Kristofa akidhani ni jirani ameinama kufunga kiatu, akamuuliza habari za watoto, na mbuzi kwa adabu zake akaitikia. Tulicheka sana. Kisha Bibi akasema angekuwepo Tuhfa angecheka mpaka adondoke. Siku hizi kila kicheko cha nyumba hii kinaishia hapo.

Shule zimefunguliwa Jumatatu na nimeingia kidato cha tatu. Matokeo yetu ya mwaka jana yametoka. Nimefaulu masomo yote, hata hesabu. Hilo la hesabu nitalirudia.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo na tulizungumza Jumatano tu. Lakini simu ya nyumbani ni moja, Bibi huiweka sauti ya juu ili asikie, na barazani hakukosekani mtu. Tena wewe unanijua. Nikishika simu maneno yote yananikimbia, nabaki na "ndiyo" na "hapana" kama niko mbele ya mkuu wa shule. Kwenye karatasi ndipo ninapopata ulimi. Barua nimempa Uweso jirani yetu, ambaye huleta huko nguo za kuuza, nikamwomba akukabidhi mkononi pamoja na boksi dogo lililofungwa kamba. Boksi usilifungue kwanza. Naomba usome ukiwa peke yako, Tuhfa akiwa nje, na usome mpaka mwisho hata kama katikati utatamani kuichana.

Nataka kukusimulia mahafali ya Tuhfa. Uliziona picha za simu ya Mama Blessing, lakini zile ni za mwanzo tu, kabla hajaacha kupiga kwa kucheka. Na kila uliponiuliza siku ile ilikuwaje, nilikujibu kwa maneno matatu: ilikuwa nzuri sana. Haikuwa haki. Wewe ndiye uliyeandaa sherehe ile kutoka mlango wa chumba mpaka mlango wa jiko, bila kukanyaga nje, na hukuiona hata chembe.

Baba alipotutoka ile Jumamosi, tarehe ishirini mwezi wa saba, ulikalishwa eda chumba cha uani kwa kanga zako nyeupe, miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila udi, bila kuvuka kizingiti. Unakumbuka siku ya hitma, wanawake walipokuwa wakiosha sahani, Bibi alisema hesabu ya siku za eda apewe Suhaila kwa sababu ndiye msomi wa nyumba na yeye macho hana. Nilijiona mtu mkubwa. Nilikwenda kwenye ile kalenda ya duka la vitambaa, yenye tarehe kubwa nyeusi na tarehe ndogo za kijani pembeni, nikahesabu, nikarudi nikasema utatoka Jumamosi, tarehe thelathini Novemba. Hakuna aliyeniuliza nimehesabuje. Bibi akawatumia salamu wenu Wete, na kaka yako Abdulghani akajibu kwamba siku utakayotoka eda atapanda boti aje kukuchukua wewe na Tuhfa, kwani nyumba hii haina tena mwanaume, na mimi, mtoto wa mama mwingine, nina Bibi na nina shule. Lilikuwa jambo la busara. Tangu siku hiyo kila Ijumaa uliniuliza zimebaki ngapi, nami nilikwenda kwenye daftari langu nikakutajia. Wewe ulikuwa ukihesabu siku za kutoka. Mimi nilikuwa nikihesabu siku za kubaki na Tuhfa.

Mwalimu Leticia alipotangaza kwamba mahafali ya chekechea yatakuwa Alhamisi, tarehe ishirini na nane, ulinituma nikamwombe asogeze mbele mpaka Jumapili. Alisikitika kweli. Alisema turubai limeshalipiwa na majoho yanarudi Ijumaa kwa mwenyewe. Ulipopata jibu ulisema basi, siku mbili si kitu, Mungu ana hekima yake. Bibi naye akasema mahafali si dharura ya kumtoa mtu eda, Tuhfa atahitimu mengine. Kisha ukaanza kazi. Ulishona gauni jeupe lenye marinda, ukakaanga visheti vya kutosha darasa zima, ukanifundisha mimi kumsuka maana ulisema mkono wako una majonzi usije ukamvuta. Asubuhi ile ulinifunga mtandio wako wa kijani, ukasema Tuhfa akiuangalia ataona kama wewe upo. Na ulinipa kazi moja. Uliniambia, "Suhaila, wakimtaja jina, nipigie kigelegele. Usione haya, mwanangu. Kimoja tu." Nikasema ndiyo.

Basi, ilikuwa hivi.

Pale shuleni Mabawa uwanja ulikuwa umefagiwa na kunyunyiziwa maji, turubai la bluu na nyeupe, viti vya plastiki, na muziki wa sauti kubwa kiasi cha kunitetemesha meno. Watoto walikuwa ishirini na wawili. Waliingia kwa mstari wakicheza hatua mbili mbele na moja nyuma, majoho mekundu, mikono viunoni. Tuhfa aliingia wa mwisho. Hatua zake zilikuwa zake, na hakuwa na viatu. Nilimwacha getini akiwa navyo, nimevifunga mwenyewe. Baadaye vilikutwa juu ya ukuta wa choo, vimepangwa vizuri. Alipoulizwa alisema vilichoka kusubiri.

Mwalimu Leticia alipotoa hotuba alisema amefundisha chekechea miaka mingi, na huwafundisha watoto wote akiwaangalia usoni, isipokuwa mmoja, ambaye alimfundisha akiangalia dirishani kwa sababu huko ndiko alikokuwa. Watu wote wakamgeukia Tuhfa. Tuhfa akainuka akawapungia mkono. Mama Blessing, aliyekaa pembeni yangu, alicheka mpaka akanipiga paja. Aliniambia kwamba Blessing wake zamani alikuwa mtoto mtulivu wa Kilutheri, sasa kila jioni anarudi na mchanga mfukoni na habari za mbuzi.

Wakaja kwenye ngonjera. Tuhfa alipewa ubeti mmoja, wa mikono safi, ule aliokuwa akikuimbia jikoni. Aliusoma wote bila kukosea, Mama Tuhfa, kwa sauti mpaka mafundi wa gereji ya jirani walichungulia. Alipomaliza wa kwake akausoma na wa mwenzake Daniel, maana Daniel alikuwa ameganda analia, kisha akamshika Daniel mkono akamrudisha kwenye mstari kama mtu anayemvusha kipofu barabara. Hilo hakuna picha yake. Nimeliandika ili lisipotee.

Kisha zawadi. Kila mtoto alipewa cheti cha jambo lake: usafi, nidhamu, kuhesabu, kuwahi. Tuhfa alipewa cha Mtoto Aliyeuliza Maswali Mengi. Alipokipokea aliuliza kwa nini si kikubwa zaidi.

Mshereheshaji alikuwa Mwalimu Ernesti. Alikuwa akimwinamia kila mtoto na kipaza sauti, akimuuliza akiwa mkubwa anataka kuwa nani. Walikuwa madaktari kumi na moja, marubani watano, walimu wanne na askari mmoja. Tuhfa alifikiri kidogo, akasema anataka kuwa mbuzi wa Mzee Kristofa, kwa sababu analala anapotaka na hakuna anayemwambia akae chini. Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mwalimu Ernesti akamwambia achague kazi ya mtu. Akasema basi, fundi baiskeli. Hapo hawakucheka wote. Wale wanaotujua walikumbuka kazi ya Baba.

Sasa ikafika zamu ya kofia. Hili ndilo nililoogopa tangu mwanzo. Mtoto anaitwa jina, mzazi anapanda jukwaani, anamvika kofia ya kuhitimu mbele za watu, vigelegele vinapigwa, wanapigwa picha. Kofia Mwalimu Leticia alizitengeneza mwenyewe kwa maboksi ya biskuti, akazivika kitambaa cheusi na kuzining'inizia uzi wa njano. Mwalimu Ernesti akaita, "Tuhfa Yakoub! Mzazi wa Tuhfa yuko wapi?" Nilisimama. Nilifungua mdomo nipige kile kigelegele ulichoniagiza, na ulimi ukanata juu. Nisamehe na hilo. Hakikutoka. Mama Blessing aliniona, akakipiga yeye.

Nilipopanda, Tuhfa aliuangalia mtandio wa kijani, kisha akaniangalia mimi. Kipaza sauti kilikuwa karibu na mdomo wake kwa hiyo kila mtu alisikia. Alisema, "Huyu ni Dada. Huo ndio mtandio wa Mama." Mwalimu Ernesti kwa upole akamwambia kwamba leo Dada ndiye mama. Tuhfa akamuuliza, "Na Mama je, leo ni nani?"

Hakusubiri jibu. Tuhfa akanyoosha mkono akachukua kofia yake mezani, akaibana kwapani, akaruka kutoka jukwaani na kwenda zake. Alipita katikati ya viti, akapita getini, akashika njia. Watu walianza kuinuka wamkamate, na Mwalimu Leticia akasema kwa sauti, "Mwacheni, anakwenda kwenye mahafali yake. Suhaila, mfuate."

Nilimfuata. Kutoka Mabawa mpaka kwetu si mbali kwa mtu mzima, lakini kwa mtoto wa miaka sita mwenye joho linaloburuta ni safari. Hakugeuka hata mara moja. Muuza mihogo alimuuliza daktari anakwenda wapi, akamjibu anachelewa. Tulipofika ile kona ya mafundi baiskeli, pale Baba alipokuwa akikaa, kigoda chake bado kiko, wenzake hawajampa mtu. Fundi Abdulhakim alikuwa amepindua baiskeli anaziba pancha. Alimwona mtoto wa Yakoub anakuja mbio, peku, joho jekundu, kofia kwapani. Alisimama akaifikia kengele ya baiskeli iliyokuwa karibu akaanza kuipiga. Na wa pili akapiga, na wa tatu, kona nzima, kengele zote zilizokuwa pale, hata za baiskeli mbovu. Tuhfa hakusimama, ila aliinua kofia juu kwa mikono miwili mpaka tulipokata kona. Abdulhakim alijifuta uso kwa kitambaa cha grisi, ikabaki alama nyeusi shavuni. Nilipita nikiangalia chini.

Yaliyofuata uliyaona, lakini uliyaona kutoka ndani. Acha nikuambie yalivyokuwa kutoka nje.

Tuhfa alisimama barazani akakuita. Ulikuja ukumbini ukasimama nyuma ya kizingiti, vidole vya miguu vimekaribia ubao lakini havikuugusa. Alikwambia utoke, wenzake wote wamevikwa nje. Ukamwambia bado, mwanangu, bado siku mbili. Akahesabu vidole, akaviona ni viwili tu kweli, akauliza kama anaweza kukaa hapo barazani akazisubiri. Akakaa. Ulicheka na machozi yakatoka pamoja na kicheko. Ukapiga magoti ndani, ukanyoosha mikono kuvuka kizingiti, mikono peke yake, ukamvika. Yeye akasema pale pana kivuli, kofia ni ya juani. Ukamwambia ipo siku. Kisha ukajiziba mdomo na upindo wa kanga ukapiga kigelegele cha ndani kwa ndani, ambacho barabarani hakikusikika, mimi tu nilikisikia kwa kuwa nilikuwa hatua mbili. Ukaniangalia juu ya kichwa chake, ukasema, "Ahsante, mwanangu. Umenisimamia."

Mama Tuhfa, sasa nafika kwenye neno lililonifanya niandike.

Siku ile hukuwa na eda. Ulikuwa huru tangu Jumatatu.

Kosa la kwanza lilikuwa la ujinga. Nilipohesabu miezi minne kwenye kalenda, nilihesabu zile tarehe kubwa nyeusi, kama tunavyohesabu shuleni. Sikuziangalia za kijani, za mwezi mwandamo. Kila mtu mzima katika nyumba ile alijua kwamba miezi ya eda ni ya kuandama, na kwa kuwa kila mtu alijua, hakuna aliyenitamkia. Bibi tangu mwanawe afe hakuwa akijua hata leo ni siku gani. Wewe ulikuwa umeniachia mimi. Miezi ya mwezi ni mifupi. Kwa miezi minne tofauti ilifika siku tano.

Hilo lingekuwa kosa tu, na makosa husamehewa. Lakini nililijua. Tulipomaliza mitihani nilikaa nyumbani nikisoma, na Ijumaa ya kabla ya mahafali nilikuwa nikimalizia kitabu cha fiqhi, cha sheria za dini, nilichoazima kwa Ustadh Nasri. Nilifika mlango wa eda. Niliusoma mara tatu. Nilikwenda kumrudishia kitabu nikamuuliza, nikisingizia kuna rafiki yangu anataka kujua. Alinijibu bila kuinua kichwa kwamba ni mwezi wa kuandama, binti, hakuna mwingine. Nilirudi kwenye kalenda nikahesabu zile za kijani kwa kidole, upya na upya, nikitaka zikatae. Kila mara nilifika Jumatatu, tarehe ishirini na tano.

Jumapili jioni nilikuja chumbani kwako kukwambia. Sentensi nilikuwa nimeitunga na kuikariri. Nilikukuta unazungumza na kaka yako, na simu iko sauti ya juu. Alikuwa akisema amekwisha kumpatia Tuhfa nafasi ya darasa la kwanza huko, na boti ataangalia ile inayofuata tu baada ya wewe kutoka. Ulinionyesha kwa mkono nikae. Nikakaa kitandani. Tuhfa alikuwa amelala upande wa ukutani, akajigeuza usingizini akaniwekea miguu yote miwili mapajani, ile miguu yake ya vumbi isiyooshwa ikasafika. Niliishika. Ulipomaliza simu ukaniuliza nilikuwa nataka kusema nini. Nikasema nimekuja kuuliza kama chai iwekwe tangawizi.

Ningependa kukwambia kwamba nilisahau mahafali. Sikusahau. Nilikaa pale nikajua kabisa kwamba nikisema, Alhamisi utakuwa kiti cha mbele, na Ijumaa mtaondoka. Na nisiposema, nitakuwa na Tuhfa siku tano zaidi. Nikachagua. Kesho yake nilijiambia nitasema Jumanne, na Jumanne nikajiambia Jumatano. Alhamisi uliponifunga mtandio, neno lilikuwa hapa kooni. Ndilo lililoziba kigelegele.

Wala siku zenyewe hazikunifaa kitu. Nilikuwa nimepanga kumfundisha kuandika jina lake lote na langu. Jina lake alilimaliza, langu tulifika katikati. Kila aliponicheka na meno yake yaliyong'oka nilikuwa nikiona kizingiti. Mlipoondoka ile Jumanne, bandarini, ulinikumbatia ukasema hujapata kuona mtoto mwaminifu kama mimi. Nilirudi nyumbani nikalala na viatu.

Ningeweza kunyamaza maisha yote. Hakuna anayejua. Lakini Jumatano kwenye simu ulimwambia Bibi kwamba huko kwenu wanawake wanapokuuliza habari za mahafali ya Tuhfa, unawajibu ni Mungu hakuandika uwepo, na umeridhika na alichoandika. Niliposikia hivyo nilitoka nje. Mungu alikuandikia uwepo, Mama Tuhfa. Mwezi uliandama kwa wakati wake. Ni mimi niliyesimama katikati. Siwezi kukuacha uendelee kuridhia kwa Mungu jambo lililofanywa na mimi.

Sikuombi unijibu upesi. Naomba radhi yako, na kama itachelewa nitaisubiri. Ukiona Bibi aambiwe, mwambie, nimejiandaa. Naomba Tuhfa tu asiambiwe sasa. Akiwa mkubwa wa kuelewa nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo, hata kama ulimi utanata.

Nifikishie salamu zangu kwa Mjomba Abdulghani na wote wa nyumbani hapo. Bibi anakusalimu sana, anasema usiache kumpaka Tuhfa mafuta ya nazi kichwani. Mwalimu Leticia anakusalimu, anasema siku hizi anafundisha akiangalia mbele na shingo inamuuma kwa kukosa mazoezi. Blessing anamsalimu Tuhfa. Mbuzi yupo.

Sasa fungua boksi. Ndani kuna kofia. Siku mliyoondoka Tuhfa aliniachia juu ya vitabu vyangu, akasema yeye amekwisha maliza shule na mimi bado, kwa hiyo nibaki nayo mpaka na mimi nimalize. Nimeiweka wiki sita na sikuthubutu kuivaa hata chumbani. Pembe moja ilikunjika njiani siku ile, nimeinyoosha kwa kuilaza chini ya kamusi. Uzi wa njano ni ule ule.

Mtoe Tuhfa nje. Chagua saa ambayo jua liko juu na majirani wapo. Mvishe wewe, kwa mikono yako, ukiwa umesimama nje pamoja naye. Na kigelegele usikizibe na kanga. Kiachie.

Wako anayekuomba radhi,
Suhaila Yakoub